Pima Hewa Kwanza, Mwanangu

Newala, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu mpendwa Klementi,

Pokea salamu za baba yako. Ninaanza kwa kukuuliza hali, ingawa ungenicheka, maana hali yako ninaisikia kwa masikio yangu mwenyewe: uko uani na dada zako, mnabishana nani akalie sanduku ili lifungike. Lakini barua hii hutaisoma hapa. Mama yako ataiingiza katikati ya mashati, nawe utaikuta huko Mtwara. Kwa hiyo ninamuuliza yule Klementi wa huko: hujambo? Umefika salama? Kifua ni kizima, na masikio hayakuumi kwa ule uzito wa maji? Sisi, kwa rehema za Mungu, nadhani tutakuwa wazima, ila nyumba itakuwa imepwaya kidogo.

Mambo ya chakula, ya nguo, ya kusali, na ya watu wa kufuatana nao, mama yako amekwisha kukuambia, na atakuambia tena alfajiri mpaka lori lizime sauti yake. Sitayarudia. Mimi nina neno moja tu, tena sikupi, ninakunyang'anya. Ni neno nililokuambia Jumapili mbele ya wageni. Nimeona haifai lisafiri nawe.

Ninakukumbusha lilivyokuwa. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa barazani na wale wazee wawili wa kanisa, na Saidi jirani yetu, huyo unayemwita baba mdogo ingawa ni Myao, Mwislamu, na mtani wangu asiyeacha siku ipite bila kunitania. Walitaka kusikia habari za kuzamia. Ukawaeleza vizuri, bila kujitapa, jinsi mnavyobeba mtungi mgongoni, na hewa inavyokuja mdomoni kwa mpira, na mnavyokwenda chini kutazama nguzo za gati. Mimi nilikuwa pembeni, lakini moyoni nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele.

Kisha ukasimulia ya siku ile katika miezi yako ya majaribio. Mitungi ilikuwa imejazwa asubuhi kwa ile mashine ya kushindilia hewa, na upepo ulikuwa umegeuka, na moshi wa mashine yenyewe ukawa unarudi kwenye bomba linalovuta hewa. Hakuna aliyeuona. Ukachukua kile kijibomba cha kioo chenye unga ndani, ukapitisha hewa ya mtungi, unga ukageuka rangi. Msimamizi wenu, yule mzungu, alikuwa amekwisha vaa, ameketi ukingoni, anasubiri kuzama yeye mwenyewe. Ukamwambia, "Bwana, hewa hii mbaya." Akanusa, akasema hanusi kitu, na kazi imechelewa. Ukamjibu, "Haina harufu, Bwana. Ndiyo ubaya wake." Akakasirika, akavua vyombo vyake kwa kishindo, na hamkuzama mpaka mitungi ilipomwagwa hewa na kujazwa upya upande wa pili wa upepo.

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nilisema, "Mwanangu, mtu aliyekupa kazi usijifanye mpimaji wake. Ukipewa, pokea, sema asante." Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Kweli, vijana wa siku hizi wataonja hata Komunyo kabla ya kupokea." Wakacheka tena. Wewe ukatazama chini, ukasema, "Sawa, baba."

Ile "sawa, baba" haijaniacha tangu siku hiyo. Ungebishana, ningelala usingizi. Lakini wewe ni mtoto uliyelelewa kutii, na nani alikulea kama si mimi? Ninajua utii wako unavyokaa. Kuna siku utakuwa ukingoni mwa maji, mtu mkubwa anakuambia teremka, hujapima, na sauti utakayoisikia itakuwa ya baba yako ikisema pokea, sema asante.

Kwa nini nilisema? Nilikuwa na hofu. Nimelitangaza sana jambo hili la kazi yako. Kutoka hapa mpaka Masasi hakuna mtu wa kanisa letu asiyejua kwamba mwana wa Matayo anafanya kazi chini ya bahari. Nikaona kwamba mtoto akimkasirisha mkubwa wake atarudishwa, nami nitapita njia gani kwenda kanisani? Nililinda fahari yangu nikasahau kifua chako. Tena nilisahau mambo ninayoyajua vizuri mimi mwenyewe, ambayo Saidi anayajua pia. Ndiyo maana yeye hakucheka siku ile. Kama hukuona, basi jua hivyo: wote walicheka isipokuwa Saidi.

Ninakusimulia sasa. Vipande vyake umevisikia, lakini Saidi husimulia sehemu ya kuchekesha tu.

Kabla hujazaliwa nilikuwa ninafanya kazi na mjomba wangu, marehemu Lukas, ya kuchimba na kusafisha matangi ya mvua, haya mashimo ya chini ya ardhi yaliyosakafiwa kwa saruji, yenye mdomo mdogo juu. Huku kwetu juu hakuna mto wala chemchemi, unajua. Mtu mwenye tangi ni mtu mwenye heshima, na fundi wa tangi hula kuku kila anakokwenda. Mjomba alikuwa na desturi yake. Kabla ya mtu kuingia hufunga kibatari kinachowaka kwenye kamba, anakishusha polepole mpaka kiguse matope ya chini, anahesabu sala ya Baba Yetu nzima, anakipandisha. Kikizimika, hakuna kuingia. Tunapepea kwa matawi ya mkorosho, tunangoja, tunashusha tena. Hakuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo. Alisema tu kwamba taa inavuta hewa ile ile tunayovuta sisi, na ni afadhali ife taa.

Tulikuwa Makote tukisafisha tangi la kanisa dogo la huko, karibu na mvua za kwanza. Asubuhi kibatari kilishuka kikawaka vizuri, tukafanya kazi mpaka jua la utosini. Tukatoka kula. Tuliporudi tukaona nyoka ameanguka ndani. Saidi, ambaye alikuwa akifanya kazi nasi ya kuvuta ndoo, akasema, "Mkristo atangulie, yeye ana malaika." Tukacheka, tukawasha majani makavu na mabichi, tukayatupa ndani ili moshi umwue, tukafunika mdomo wa tangi. Tulipofunua, tukangoja moshi uishe. Ukaisha kweli. Nikainama, nikanusa, sikusikia kitu. Nyoka alikuwa amelala chali.

Mjomba alikuwa amekaa kivulini, tumbo limejaa. Akasema, "Teremka, umtoe."

Sasa tazama, mwanangu. Kibatari kilikuwa pale pale juu ya jiwe. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua. Lakini mjomba ndiye mkubwa wangu, ndiye aliyenifundisha, na kwetu mpwa hamwambii mjomba "umesahau." Nikajiambia tulikwisha jaribu asubuhi. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikateremka na kamba kiunoni.

Nataka ujue hali ilivyokuwa kule chini, maana hili halimo katika hadithi ya Saidi. Haikuuma. Sikukabwa, sikukohoa. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyokuwa nimejisikia mwaka mzima. Miguu ikawa myepesi, nyoka akawa mzuri, nikaona hakuna haja ya haraka. Ndipo nikaanza kuimba.

Juu walinisikia. Mjomba akatabasamu, akasema, "Kijana ana furaha na kazi yake." Saidi ndiye aliyesimama. Nyumba ya baba yake ilikuwa karibu na kanisa, nyimbo zetu alizijua zote kwa kuzisikia, apende asipende, kila Jumapili. Akasema, "Mzee Lukas, mimi si Mkristo, lakini huo si wimbo wa Noeli?"

"Ni wa Noeli."

"Noeli gani wakati huu wa kufyeka mashamba? Tena anauimba kwa maneno ya tenzi za maziko."

Hakungoja jibu. Alishika kamba, akavuta peke yake, mjomba akaja kusaidia, wakanitoa kama ndoo ya matope. Wanasema nilipofika juu niliwakasirikia kwamba wamenikatiza wimbo. Kisha nikatapika, kichwa kikapasuka kwa maumivu, nikalala kivulini mpaka jioni. Mjomba aliketi kando yangu, ameshika mguu wangu. Saidi alisema, "Ungekufa, Matayo, nani angenilipa yale maembe niliyokukopesha?" Ukimwona anacheka siku zote, usidhani hakuogopa. Kamba hakuifungua kiunoni mwangu mpaka jioni.

Walishusha kibatari baadaye, kwa kutaka kujua. Kilizimika kabla ya kufika nusu.

Kwa hiyo mtu anayevuta hewa mbovu hajui kwamba anaivuta. Huwezi kusema, "Nitateremka, nikiona vibaya nitarudi." Hutaona vibaya. Utaona vizuri, utaimba. Na kipimo cha asubuhi ni cha asubuhi. Nimeona tangu wakati ule kwamba kumwomba Mungu ulinzi huku kiberiti kiko mfukoni ni kumtuma Mungu kazi niliyopewa mimi. Sikukosea kufanya ishara ya msalaba. Nilikosea kuifanya badala ya kushusha taa.

Nilipokudokezea habari za kibatari ulipokuwa likizo ya kwanza, uliniambia jambo ambalo sikulijua. Ulisema, "Baba, hata kibatari chenu kilipima jambo moja tu. Iko hewa mbovu ambayo taa inawaka nayo vizuri kabisa, na mtu anakufa kando yake." Ndiyo hiyo ya moshi wa mashine. Ndiyo kazi ya kile kijibomba cha kioo. Nilikaa nikifikiri miaka yote niliyoishusha ile taa nikijiona salama. Sikuona aibu. Niliona raha, kwamba mwanangu ameanzia pale nilipoishia.

Na ile habari nyingine, ya oksijeni, nimeisimulia mahali pengi kana kwamba niliigundua mimi. Kwamba hii hewa tunayovuta ni mchanganyiko, na ile inayotupa uhai ni sehemu ndogo tu, nyingine ni kama ugali unaokwenda na kitoweo. Kwamba pale gatini mna mitungi ya oksijeni tupu kwa ajili ya kuchomelea vyuma, na chumvi ya bahari imekula rangi, mitungi yote inafanana, na mtu akizama na ule wa uhai mtupu, hata kina kisipokuwa kirefu sana humgeukia sumu, anashikwa na kifafa ndani ya maji. Niliwauliza wazee wa kanisa, "Mnaona? Hata uhai Mungu ametuchanganyia." Wakatikisa vichwa. Nadhani walinielewa nusu. Lakini nilijisikia kama mwalimu.

Ninalo jingine la kukuambia, la mama yako na bibi yako, kisha ninyamaze.

Nilipokwenda Kitangari kwa bibi yako mzaa mama kujitambulisha, nilikuwa nimetoka shule ya misheni Masasi, darasa la nne kichwani, kola shingoni. Tulikaa mkekani, mimi na mjomba Lukas. Bibi yako akaleta maji katika kata ya kibuyu. Maji yenyewe yalikuwa ya bondeni, yamebebwa kichwani kutoka chini ya mlima tangu alfajiri. Akafanya kama wafanyavyo watu wetu: akanywa yeye funda moja mbele yetu, ndipo akaninyooshea. Shuleni tulikuwa tumeambiwa kwamba huku kuonja kwa kuondoa uchawi ni giza la zamani. Nikataka kuonyesha nuru yangu. Nikasema, "Mama, usijisumbue kuonja. Mimi nakuamini."

Nilidhani nimemheshimu. Akaishusha kata, akayamwaga maji yote chini. Maji ya Kitangari, mwanangu, kwenye vumbi. Mjomba akanifinya paja. Bibi yako akasema kwa upole kabisa, "Nani kakuambia naonja kwa sababu huniamini? Maji haya yametoka mbali. Njiani nilikuwa nayo kichwani, siyaoni. Yasipopita kinywani mwangu nitajuaje ninakupa nini?" Kisha akaita ndani, "Mletee mengine. Huyu bado mtoto." Aliyetoka na kata ya pili alikuwa mama yako, anajizuia kucheka. Mpaka leo nikimkera hunipa maji na kuniuliza, "Niyaonje, au unaniamini?"

Nimechelewa sana kumwelewa bibi yako. Nilidhani kupima ni kumshuku mtu. Yeye alipima kwa sababu alimpenda mtu atakayekunywa. Ndivyo ulivyofanya wewe kwa yule msimamizi ukingoni. Hukumshuku, hukujifanya mkubwa. Mtungi ulipita mkononi mwako, ukataka kujua unampa nini. Yule mzungu alirudi kwa mke wake jioni ile, akala, akalala, na labda mpaka sasa hajui kwa nini. Mimi baba yako, badala ya kusimama barazani na kusema "huyu ni mwanangu," niliwafanya watu wakucheke.

Basi ninalichukua neno langu. Lisiwe lako tena. Leo mchana nimekwenda kwa wale wazee, mmoja mmoja, nimewaambia nilisema upumbavu. Yule wa Komunyo alisema, "Aa, Matayo, tulikuwa tunacheka tu." Nikamwambia najua, na mimi nilikuwa ninacheka tu. Saidi nilimpitia mwisho. Alikuwa akianika muhogo. Akasema, "Nilikuwa ninangoja. Ningekuja mwenyewe usiku nikutoe na kamba." Kisha akanipa kuku, yule uliyemla usiku wa kuamkia safari, kwa hiyo mshukuru.

Sasa wanakuweka kuwa ndiye mjazaji na mpimaji wa hewa ya wenzako wote. Sijui kama unaona ukubwa wake. Watu wazima, wenye watoto, watakuja kwako wavae mgongoni kile ulichokisema ni kizuri, na kule chini hawatakuwa na namna ya kujua. Mimi nimekaa karibu na madhabahu miaka mingi nikipiga kengele na kusafisha vikombe, na sijapewa kazi inayofanana na hiyo. Nikiiwaza kifua kinajaa, nalazimika kusimama kidogo. Mama yako ameniuliza sasa hivi mbona nimesimama na kalamu. Nimesema mguu umekufa ganzi.

Wataharakisha. Meli itakuwa inangoja, mkubwa atatazama saa, mwenzako atasema jana ilikuwa nzuri. Jibu lako ni fupi: bado sijapima. Sema kwa heshima, na "Bwana" mbele yake, kwa sauti ile ile uliyoniambia "sawa, baba." Wakikasirika, waache wakasirike wakiwa wakavu. Na wakikufukuza kazi kwa ajili hiyo, panda lori lolote linalokuja huku juu, usijifiche, usingoje giza, shuka pale mbele ya kanisa watu wakiwapo. Nitakuwa nimesimama nikikungoja, na nitakubebea sanduku mimi mwenyewe mpaka nyumbani, kwa njia kubwa, taratibu, ili kila anayetaka kuuliza aulize.

Mungu akuweke. Nijibu upesi, mwanangu, hata mistari miwili inatosha.

Mimi baba yako,
Matayo